UZI: Amri za kale za DOS zilizogusa diski moja kwa moja, na namna ya kuzielewa bila kuua data

Fundi Sekta (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mara kwa mara anatokea mtu na mistari kama hii, aliyoikuta kwenye kitabu cha zamani au kwenye faili la maelezo la programu ya miaka ya tisini, anauliza inafanya nini:

```
debug
-l 100 0 0 1
-d 100 2ff
-q
```

Majibu anayopata huwa mawili. Mmoja anamwambia aachane nayo, hayo ni mambo ya kizamani. Mwingine anamwambia aandike tu aone. Huyu wa pili ananitia hofu, kwa sababu hapo ukikosea herufi moja, badala ya l ukaandika w, umeshaandika takataka juu ya sekta (kipande kidogo cha diski) ya kwanza, na DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za wakati ule, haikuulizi kama una uhakika. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Kwanza tushike hili: DOS ilikuwa na ngazi tatu za kuongea na diski, na kila amri ina ngazi yake. Ukijua amri iko ngazi gani, utajua inaona nini, haioni nini, na inaweza kuharibu nini.

Ngazi ya juu ni ya mafaili. Huku ndiko ziliko COPY, DEL, REN na TYPE. Unataja jina, DOS yenyewe inatafuta faili liko wapi kwa kupitia intarapti 21h, yaani mlango wenye namba ambao programu inaombea huduma. Haujui sekta na hauna haja ya kujua.

Ngazi ya kati ni ya sekta za draivu, kwa namba. Hapa jina la faili halipo. Unasema "nipe sekta ya 19 ya draivu A" na unapewa baiti 512 kama zilivyo. DOS ilifungua njia hii kwa intarapti mbili, 25h ya kusoma na 26h ya kuandika. L na W za DEBUG, ile programu ya mistari ya hapo juu, zinapita hapa zikipewa namba za sekta. CHKDSK na SYS nazo kazi yao kubwa iko hapa.

Ngazi ya chini ni BIOS, programu iliyochomwa ndani ya kompyuta yenyewe, intarapti 13h. Huku hata draivu C haipo. Kuna kifaa, silinda, kichwa na sekta, basi. FDISK, amri ya kugawa diski katika partisheni, inafanya kazi huku, kwa sababu jedwali la partisheni liko nje ya partisheni zote, kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski nzima, yaani MBR.

Wengi wanapotelea hapa: sekta 0 ya draivu C kwenye DEBUG SIYO sekta ya kwanza ya diski ngumu. Ni sekta ya kwanza ya partisheni ya C. MBR huioni kwa amri ya L hata ukikesha.

Halafu kuna balaa la namba za draivu. Kila ngazi inahesabu kivyake:

- Intarapti 21h: 0 ni draivu uliyomo sasa, 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C.
- Intarapti 25h na 26h, na DEBUG: 0 ni A, 1 ni B, 2 ni C.
- Intarapti 13h: 00 ni flopi ya kwanza, 80h ni diski ngumu ya kwanza.

Kwa hiyo 2 ni B kwa mmoja na C kwa mwingine. Mtu aliyezoea kuandika programu za ngazi ya juu, akiingia DEBUG na kuandika 2 akidhani anagusa flopi ya pili, anaandika kwenye diski ngumu.

Sasa tusome ile mistari. L ni pakia. 100 ni mahali kwenye kumbukumbu pa kuweka. 0 ni draivu A. 0 inayofuata ni sekta ya kuanzia. 1 ni idadi ya sekta. D inaonyesha kilichopakiwa, kuanzia 100 mpaka 2FF, ambazo ni baiti 512. Q unatoka. Namba zote ni heksadesimali, hesabu ya msingi wa kumi na sita, DEBUG haijui nyingine. Ukiandika 10 umesema kumi na sita.

DEBUG yenyewe iliandikwa na Tim Paterson, yule yule aliyeandika 86-DOS pale Seattle Computer Products, mfumo ambao Microsoft waliununua 1981 ukawa MS-DOS. Ilikuwa zana ya mwandishi wa programu. Ikaja ndani ya kila boksi la DOS, mikononi mwa karani na mhasibu, ikiwa na nguvu zile zile.

Nakuja na ramani ya flopi.

---

Kijana wa Buza

Mkuu heshima yako. Nimeweka kiti mbele kabisa. Swali: mtu anajuaje sekta gani ina nini? Usije ukatuambia tukariri.

---

Fundi Sekta

Kwa flopi ya 1.44 kukariri kunawezekana, ila afadhali ujue inavyotoka. Ina traki 80, pande mbili, sekta 18 kwa kila traki, baiti 512 kwa sekta. 80 mara 2 mara 18 ni sekta 2,880, sawa na baiti 1,474,560. DOS inazipanga hivi (FAT ni jedwali linaloonyesha kila faili limekaa klasta zipi, na klasta ni fungu la sekta):

```
sekta 0         sekta ya buti
sekta 1 - 9     FAT ya kwanza
sekta 10 - 18   FAT ya pili, nakala ya ile ya kwanza
sekta 19 - 32   direktori kuu, nafasi 224
sekta 33 ->     data za mafaili
```

Direktori kuu ina nafasi 224, kila nafasi baiti 32, jumla baiti 7,168, ambazo ni sekta 14 kamili. Ukitaka kuiona yote ni `l 100 0 13 e`, kwa sababu 19 ni 13 ya heksa na 14 ni E.

Na ramani hii haukisii. Imeandikwa ndani ya sekta ya buti yenyewe, kuanzia baiti ya 0B: ukubwa wa sekta, sekta ngapi kwa klasta, FAT ngapi, nafasi za direktori, jumla ya sekta. Kwenye flopi ya 1.44 utaona `40 0B` mahali pa jumla. Kichakato cha Intel kinaweka baiti ndogo mbele, kwa hiyo soma kinyume: 0B40, ambayo ni 2,880. Mwisho wa sekta kuna `55 AA`. Ukiikosa alama hiyo, ama flopi ni mbovu au hujasoma sekta unayodhani umesoma.

---

Mzee Mtulivu

Vijana wangu, nimefurahi kuona mambo haya yanaongelewa. Mimi ofisini tulikuwa na XT ya diski ya megabaiti 10, na flopi za inchi tano na robo.

Fundi naomba uwaeleze hawa vijana kuhusu RECOVER. Mwenzetu mmoja alikuwa na flopi ya mahesabu yenye faili moja lisilofunguka. Akasoma orodha ya amri, akaona jina RECOVER, akaona ndiyo dawa. Akaandika `RECOVER A:` akabonyeza. Alipofungua DIR, majina yote yamekwenda. Yamebaki FILE0001.REC, FILE0002.REC, mpaka mwisho. Tulikaa siku nzima tunafungua moja moja kujua ipi ni mishahara na ipi ni stoo.

---

Fundi Sekta

Shikamoo mzee wangu. Umeleta mfano wenyewe hasa.

RECOVER ina matumizi mawili yanayofanana kwa sura. `RECOVER A:MISHAHAR.WK1` inasoma faili hilo moja sekta kwa sekta, inaruka mbovu, inakuachia zilizosomeka. `RECOVER A:` bila jina la faili ni jambo jingine kabisa: inachukulia kwamba direktori imekufa, inaipuuza, inaingia kwenye FAT, na kila mnyororo wa klasta inaokuta inaupa jina jipya. Hata folda zako zinageuka mafaili ya .REC, kwa sababu ndani ya diski folda ni mnyororo wa klasta kama faili lingine lolote. Direktori ilikuwa nzima, amri ikaivunja yenyewe. Microsoft waliiondoa RECOVER kwenye MS-DOS 6.0 mwaka 1993, na walichelewa.

Ugonjwa huo huo uko kwenye DEBUG. Angalieni W:

```
-w
-w 100 0 21 3
```

Ya kwanza inaandika FAILI, jina ulilotaja kwa amri ya N. Ya pili inaandika SEKTA, juu ya chochote kilichopo. Herufi ni moja, ila ukiongeza namba umeshuka ngazi. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la usanifu wa zana ile. Kuandika faili na kuandika sekta mbichi vilistahili amri mbili zenye majina yasiyofanana hata kidogo.

---

Kijana wa Buza

Mkuu nimekuelewa. Sasa tuonyeshe kitu kimoja mwanzo mwisho. Mfano faili limefutwa kwa DEL, unalirudishaje kwa mkono?

---

Fundi Sekta

Haya. Flopi ina faili BARUA.TXT, nafasi ya kwanza kwenye direktori, limefutwa kwa DEL na hakuna kilichoandikwa baada ya hapo. Napakia sekta ya kwanza ya direktori:

```
-l 100 0 13 1
-d 100 11f
1A3C:0100  E5 41 52 55 41 20 20 20-54 58 54 20 00 00 00 00   .ARUA   TXT ....
1A3C:0110  00 00 00 00 00 00 C0 4B-6C 1C 02 00 B0 04 00 00   .......Kl.......
```

Someni taratibu. Baiti ya kwanza ilikuwa 42, herufi B. DEL imeweka E5 juu yake, ishara kwamba nafasi hii iko wazi. ARUA imebaki, TXT imebaki. `C0 4B` ni saa na `6C 1C` ni tarehe: faili lilihifadhiwa tarehe 12 Machi 1994, saa tatu na nusu asubuhi. `02 00` ni klasta ya kwanza, namba 2. `B0 04 00 00` ni ukubwa, 04B0, yaani baiti 1,200.

Kwa hiyo DEL haikugusa barua yenyewe. Imefanya mambo mawili tu: imeweka E5, na imeweka sifuri kwenye FAT mahali pa klasta zake. Jambo hili Peter Norton alilitumia mapema, akatoa Norton Utilities 1982 ikiwa na programu ya kurudisha yaliyofutwa, na jina lake likajulikana dunia nzima kwa sababu ya baiti hiyo moja.

Kwenye flopi hii klasta moja ni sekta moja, na klasta zinaanza kuhesabiwa kutoka 2. Klasta 2 ni sekta 33, yaani 21 ya heksa. Baiti 1,200 zinahitaji sekta 3. Kama faili halikukatwakatwa, liko sekta 33, 34 na 35.

Njia ninayoipenda ni ile isiyoandika hata baiti moja kwenye flopi iliyojeruhiwa. Unasoma sekta, unahifadhi kama faili kwenye diski nyingine:

```
-l 100 0 21 3
-n c:\barua.txt
-r bx
:0
-r cx
:4b0
-w
-q
```

BX na CX zinabeba idadi ya baiti za kuandika. W hapo haina namba, kwa hiyo ni faili.

Njia ya pili ni kulirejesha pale pale kwenye flopi. Unarudisha B kwenye direktori, halafu unaunda upya mnyororo kwenye FAT zote mbili:

```
-l 100 0 13 1
-e 100 42
-w 100 0 13 1
-l 100 0 1 1
-e 103 03 40 00 FF 0F
-w 100 0 1 1
-w 100 0 a 1
-q
```

`03 40 00 FF 0F` ni FAT ya biti 12: klasta 2 inaelekeza 3, klasta 3 inaelekeza 4, klasta 4 ina FFF, mwisho wa faili. Namba mbili za biti 12 zinabanwa kwenye baiti tatu, ndiyo maana inaonekana kama imevurugika.

Ukimaliza, washa kompyuta upya kabla ya kufanya lolote. DOS ina nakala ya FAT kwenye kumbukumbu yake na haijui kwamba umepita chini yake ukabadilisha. Ukiendelea na kazi inaweza kuandika ile ya zamani juu ya yako.

Aliyekuwa na DOS 5 ya 1991 alikuwa na UNDELETE iliyofanya haya kwa swali moja: herufi ya kwanza ilikuwa ipi? Sasa mnajua kwa nini iliuliza hilo.

---

Bi Rehema

Asanteni kwa somo. Nina maswali mawili. Kufomati nako si kunafuta? Na pili, zamani tuliambiwa kompyuta ikiwa na virusi andika `FDISK /MBR`. Ni kweli inatibu?

---

Fundi Sekta

Dada Rehema, naanza na fomati maana ni fupi. Kwenye diski ngumu, FORMAT ya DOS iliandika upya sekta ya buti, FAT na direktori kuu. Data ilibaki chini, ilisomwa tu kukagua sekta mbovu. Kwenye flopi, mpaka DOS 4, ilichora traki upya na kujaza F6 kila mahali, na hapo data imekwenda kweli. DOS 5 ikaleta fomati ya tahadhari kwa flopi iliyokwisha kufomatiwa, inayohifadhi taarifa za kurudi nyuma kwa UNFORMAT, isipokuwa ukiweka /U. Kwa Windows za leo, kuanzia Vista, fomati kamili inaandika sifuri diski nzima. Ile ya haraka haiandiki.

Virusi. Hapa nitakaa kidogo.

Virusi vya buti viliishi ngazi ya chini. Brain, cha 1986, kiliandikwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi. Kilikaa kwenye sekta ya buti ya flopi za 360K na kuificha sekta halisi kwingine. Ujanja wake ni kwamba kiliishika intarapti 13h. Ukiomba kusoma sekta 0, kinakuletea ile halisi iliyofichwa. Unatazama kwa DEBUG, unaona sekta safi kabisa, na mashine inaumwa.

Kwa hiyo kugusa diski moja kwa moja hakumaanishi kwamba unaambiwa ukweli. L inaomba intarapti 25h, nayo inaomba 13h, na aliyekalia 13h ndiye anayejibu. Dawa ilikuwa moja: washa kwa flopi safi iliyofungwa isiandikike, ndipo usome.

Sasa FDISK /MBR. Ilikuja na DOS 5, Microsoft hawakuitangaza kwenye maelezo ya amri. Inaandika upya programu fupi iliyo mwanzoni mwa MBR na kuliacha jedwali la partisheni lilivyo. Kwa virusi vinavyoliacha jedwali mahali pake, inatibu. Lakini kuna virusi kama Monkey, ambacho kinaichukua MBR yote, kinaisimba na kuihamishia sekta nyingine, na jedwali halipo tena pale. Kikiwa hai kinakutafsiria, C inaonekana. Ukiwasha kwa flopi safi C haionekani. Ukiandika FDISK /MBR hapo, umekiondoa kirusi pamoja na uwezo wa kulipata jedwali lako.

Kipimo kilikuwa rahisi: washa kwa flopi safi, andika `DIR C:`. Kama C inaonekana, endelea. Kama haionekani, ondoa mkono kwenye kibodi.

Na MBR unaweza kuitazama kwa DEBUG, ila lazima uandike programu ndogo ya intarapti 13h, kwa sababu L haifiki huko:

```
-a 100
mov ax,0201
mov bx,0200
mov cx,0001
mov dx,0080
int 13
int 3
(bonyeza Enter tena kutoka)
-g
-d 200 3ff
```

02 ni soma, 01 ni sekta moja, 80 ni diski ngumu ya kwanza. Jedwali linaanza 3BE, nafasi nne za baiti 16. Nafasi inayoanza na 80 ndiyo ya kuwashia. TAHADHARI: ukiweka 0301 badala ya 0201 umeandika. Hiyo ndiyo tofauti yote, 2 na 3.

---

Mvita Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Uzi huu wafaa uwekwe juu. Mimi niliona kwenye karatasi ya kadi kongwe ya diski: `debug` kisha `g=c800:5`. Hiyo yafanya nini ndugu yangu? Haina l wala w.

---

Fundi Sekta

Ndugu yangu wa Mvita, hiyo usiiguse kwenye mashine yenye kitu unachokipenda.

G ni "endesha". C800:5 ni anwani kwenye kumbukumbu ambako kadi za diski za wakati ule, za Western Digital hasa, ziliweka programu yake yenyewe ya kufomati ya ngazi ya chini. Kwa hiyo DEBUG hapo haifomati chochote, inamwambia kichakato aruke mpaka kwenye programu iliyochomwa ndani ya kadi. Diski kama ile ya XT ya Mzee Mtulivu ilikuwa na silinda 306, vichwa 4, sekta 17, na kadi ndiyo iliyochora sekta hizo. Ukibadilisha kadi mara nyingi ulilazimika kuchora upya.

Diski za IDE zilipokuja, kidhibiti kikahamia kwenye diski yenyewe na sekta zikachorwa kiwandani. Tangu hapo amri hiyo haina kazi, na kwenye kadi ambayo haina programu mahali pale unaruka gizani, mashine inaganda.

---

Kijana wa Buza

Mkuu sasa tuje leo. Laptopu yangu ni Windows ya biti 64, DEBUG haipo. Haya yote nayafanyia wapi?

---

Fundi Sekta

Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, kwa hiyo DEBUG imebaki nje. Na hata Windows 95 ilikuwa imeanza kufunga: mpaka uandike amri ya LOCK ndipo programu ya DOS iruhusiwe kuandika sekta moja kwa moja.

Kwa mazoezi weka FreeDOS ndani ya VirtualBox. Ni mradi ulioanzishwa na Jim Hall 1994, ni wa bure, una DEBUG yake, na L na W zipo. Flopi huihitaji, tengeneza faili la baiti 1,474,560 ukalichomeke kama flopi, ulifomati humo humo. Kwenye Linux:

```
dd if=/dev/zero of=flopi.img bs=512 count=2880
```

Haribu upendavyo, ukichoka tengeneza lingine. Na ukitaka kuona DOS yenyewe ilivyoandikwa, Microsoft wamefungua msimbo wa matoleo ya 1.25 na 2.0, na 2024 wakafungua wa 4.00.

Ngazi zenyewe hazijaenda popote. Kwenye Linux `/dev/sda` ni diski nzima, sekta yake ya kwanza ni MBR. `/dev/sda1` ni partisheni, sekta yake ya kwanza ni ya partisheni. Ni ile ile tofauti ya intarapti 13h na 25h. Windows nayo inayo: `\\.\PhysicalDrive0` ni diski, `\\.\C:` ni partisheni, na zote zinataka uwe msimamizi. Kuanzia Vista Windows inakataa kuandika sekta zilizo ndani ya partisheni inayotumika mpaka uifunge kwanza.

Na dd, hiyo amri ya kunakili, ina hatari ile ile ya l na w. `if` ni chanzo, `of` ni mahali pa kuandika. Ukizigeuza umeandika tupu juu ya kitu cha mteja. Kabla ya dd andika `lsblk`, tazama ukubwa wa kila diski, uhakikishe flashi ya mteja ni sdb au ni sdc. Leo ilikuwa sdb, kesho ukichomeka nyingine kwanza inakuwa sdc.

Kwa flashi inayokufa tumia ddrescue badala ya dd, inajua kurudi kwenye sehemu zilizogoma. Halafu fanya kazi kwenye nakala, ile ya asili iweke pembeni. Kwa SSD matumaini ni madogo, mfumo unaiambia diski ni vipande gani vimeachwa wazi nayo inavisafisha yenyewe.

---

Kijana wa Buza

Nimerudi wakuu. Nimetengeneza ile picha ya flopi, nimeweka BARUA.TXT, nimeifuta, nimeirudisha kwa njia zote mbili na inafunguka! Nimeitazama pia kwenye Linux kwa `xxd -s 9728 -l 32 flopi.img`, nikaona E5 kabla na 42 baada. 9728 ni 19 mara 512.

Nina swali moja. Nimejaribu tena flopi ikiwa na faili la pili baada ya barua, linaanzia klasta 5. Nikaweka zile zile `03 40 00 FF 0F`. Barua imerudi, lakini faili la pili limekatika. Kwa nini?

---

Fundi Sekta

Safi sana mdogo wangu, na hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja.

Tazama baiti ya 107. Klasta 4 na klasta 5 zinagawana baiti tatu, 106, 107 na 108, na baiti ya 107 ni ya wote wawili: nusu ya kulia ni ya klasta 4, nusu ya kushoto ni ya klasta 5. Faili lako la pili linaanzia 5 likielekea 6, kwa hiyo kabla hujaandika pale palikuwa na `00 60 00`. Ile 6 ndiyo "nenda klasta 6". Ulipoweka 0F umeifuta, klasta 5 ikasomeka sifuri, yaani haina mwenyewe.

Ulitakiwa kuweka 6F. Kwa hiyo kabla ya E, fanya D kwanza usome kilichopo:

```
-l 100 0 1 1
-d 100 10f
-e 103 03 40 00 FF 6F
-w 100 0 1 1
-w 100 0 a 1
```

Jaribu kwenye picha ile ile bila kuifomati. Data ya faili la pili haijaguswa, ni mnyororo tu uliokatika, na hiyo 6 itaurudisha.